Chupa Nyekundu Kwenye Benchi la Damu

Mama yangu mzazi alizoea kusema kwamba siku ya mazishi yangu nitainuka kwenye sanduku nimuulize seremala amelipima vipi. Simlaumu. Nina ugonjwa wa kuuliza tangu utotoni, na nimeupeleka mpaka kazini. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya Dilala, hapa Kolwezi, na asubuhi mbili kwa juma nafundisha wanafunzi wa uuguzi somo la maadili na sheria ya kazi yetu. Wao wanaliita deontolojia, kwa kuwa ndivyo lilivyoandikwa kwenye ratiba, na wengi wao hawalipendi. Wanataka kujifunza kupiga sindano.

Mimi sura ninayoipenda ni ile ya siri. Sheria ya adhabu ya nchi yetu iko wazi: daktari, muuguzi, mpimaji wa maabara, yeyote anayepata siri ya mtu kwa sababu ya kazi yake, akiitoa nje bila sheria yenyewe kumlazimisha, anaweza kufungwa au kutozwa faini. Nilikuwa naifundisha sura hiyo kwa raha, nikitembea kati ya madawati. Nilikuwa nawauliza wanafunzi: siri ya mgonjwa hutoka kwa njia gani? Nao walijibu: kwa mdomo wa mtu asiyejizuia, au kwa karatasi iliyoachwa wazi mezani. Hakuna aliyewahi kunitajia njia nyingine, na mimi mwenyewe sikuwa naijua.

Kisha akaja yule msichana wa mtaa wa Kapata.

Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kunyamazisha wengine bila kupiga kelele. Baba yake, mfanyakazi wa zamani wa mgodi, alikuwa amelazwa kwetu kwa kidonda cha tumbo kilichokuwa kinavuja damu. Sasa, kwetu damu hainunuliwi dukani. Mgonjwa akiongezewa damu, jamaa zake wanaombwa waje kutoa yao ili akiba ijae tena, na familia zinakuja pamoja, zimevaa vizuri, kama watu wanaokwenda kupiga picha. Familia ya huyo mzee ilikuja hivyo: wanawe, binamu, mke wake, dada yake. Na alikuja pia kijana mmoja ambaye hakuna aliyemwita, mchumba wa huyu mwalimu, dereva wa lori linalopeleka shaba mpakani Kasumbalesa. Alikuja kwa hiari yake, aonyeshe kwamba tayari ni mtoto wa nyumba ile. Walimsifu sana asubuhi hiyo.

Siku chache baadaye msichana alikuwa mbele ya meza yangu, na uchumba wake ulikuwa unakufa. Shangazi yake, dada wa mzee, alikuwa ametangaza nyumbani kwamba wazee wa upande wa kijana wasihangaike kuja kwa mambo ya mahari, hawatapokelewa. Kijana, alisema shangazi, ana ule ugonjwa. Kapata, ukisema ule ugonjwa, huulizwi upi.

Nilijua msichana atataka nimfungulie majibu ya mchumba wake, na nilikuwa nimeshaandaa hotuba yangu ya kumkatalia. Hakuihitaji.

"Mama, mi sikukuya kukuuliza ye iko na nini," alisema. "Ye mwenyewe aliniambia, mangaribi, ku mulango ya kwetu. Lakini shangazi alikuwa anayua toka muchana. Njo ninauliza: nani alimuambia mbele ya mi kuyua?"

Nilihisi aibu usoni, kama vile mtu ameingia nyumbani kwangu akakuta vyombo vya jana. Halafu nikahisi hasira. Na chini ya hasira, nitasema ukweli, ule ugonjwa wangu ulikuwa umeshaamka. Kama kijana alimwambia msichana jioni, na shangazi alijua tangu mchana, basi neno lilitoka kwetu, na lilitoka mapema sana. Nilimwahidi kwamba nitatafuta. Daktari mkurugenzi, nilipomweleza, aliniambia kwamba kwa vile mimi ndiye ninayewahubiria wengine sheria ya siri, basi kazi hiyo ni yangu.

Ilikuwa kazi ya ajabu. Sikuwa namtibu kijana yule, kwa hiyo sikuwa na haki ya kujua maabara walimkuta na nini, wala hata kama walimkuta na kitu chochote. Uuguzi haukupi ruhusa ya kufungua majibu ya kila mtu aliyepita hospitalini. Nilitakiwa kutafuta tundu la gunia bila kuchungulia ndani ya gunia. Majibu yalikuwa kwenye kabati, kabati lilikuwa kwenye chumba ninachoingia kila siku, na ufunguo ulining'inia pale pale unaponing'inia siku zote. Nilipita mbele yake mara nyingi kuliko kazi ilivyonidai. Sikuugusa, lakini mtu asifikiri ilikuwa rahisi.

Nilianza na mpimaji wa maabara. Ni shemasi katika kanisa lake la Kiprotestanti, mtu wa makamo, anayepima maneno kama anavyopima damu. Alikasirika kabla sijamaliza swali. Alinieleza kwamba anaita watu mmoja mmoja, anafunga mlango, anauliza maswali yake, anatoa damu kidogo ya kupima kwenye mkono wa kila mtu, na kama mtu hafai kutoa damu anamwambia yeye peke yake, kwa sauti ya chini, na kumwelekeza aende wapi. Akaniambia kwamba hata mke wake hajui yeye anafanya nini kutwa nzima, anajua tu kwamba anarudi na njaa. Nilimwamini. Mtu huyo huwezi kumtoa neno hata kuhusu mvua.

Nikamgeukia mama wa mapokezi, ambaye ni kinyume chake kabisa. Huyo akijua jambo saa tatu, saa nne lipo sokoni. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu, na nilikwenda kwake na uso wa hakimu. Kumbe siku ile hakuwepo kazini. Alikuwa amesafiri kwenda Likasi kwenye msiba wa mjomba wake, na picha za msiba alinionyesha zote, moja moja, na maelezo yake. Nilitoka pale nimechoka, na sikuwa na mshukiwa hata mmoja.

Ikabaki kwenda kwa wenyewe waliosikia. Hapo pia nilisimama kidogo nikafikiri. Muuguzi akionekana kwenye mlango wa nyumba ya Kapata, zile nyumba za kampuni zilizopangwa mstari kwa mstari, kila dirisha linaangalia dirisha jingine, kesho watasema hospitali imemfuata yule kijana mpaka ukweni. Lakini mzee alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, na kumtembelea mgonjwa aliyetoka wodini kwetu si jambo la kushangaza. Niliacha nguo nyeupe, nikavaa kitenge, nikapanda taksi-moto, pikipiki ya abiria.

Mzee alikuwa ameketi nje ya mlango, amekonda, anatania. Alinieleza kwamba siku hizi akipita Dilala inabidi asalimie kila mtu, kwa kuwa hajui damu ya nani inatembea ndani yake, huenda ni ya shemeji. Nilimpima presha, nikamuuliza habari za tumbo. Na hapo shangazi akatoka ndani.

Huyu mama anauza samaki wa chumvi soko la Dilala, na ana sauti ya kuuzia samaki. Alikaa kwenye kiti mbele yangu, akapanga kitenge chake magotini, akasubiri. Alijua sikuja kwa ajili ya presha. Nilimuuliza waziwazi ni nani wa hospitali aliyewaambia habari za kijana.

"Hakuna mutu alituambia," alisema. "Tuliona na macho."

Nilimuuliza waliona nini.

"Alitoka mikono bule. Siye bote tulikuwa na sukre, ye tu njo hakuwa nayo."

Lazima nieleze hapa, ingawa kwetu hakuna asiyejua, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeona. Mtu akitoa damu anapewa chupa ya sukre, kile kinywaji chekundu chenye sukari nyingi, ili kichwa kisimzunguke. Ni desturi ya tangu enzi za kampuni ya mgodi, ilipokuwa inawakusanya wafanyakazi watoe damu na kuwapa kinywaji na mkate. Mkate ulikwisha zamani, chupa ikabaki. Na chupa zenyewe ni za kioo, ni mali ya muuza duka wa ng'ambo ya barabara, lazima zirudi kwenye kreti. Kwa hiyo aliyetoa damu haondoki na chupa yake. Anakaa kwenye benchi lililo mbele ya maabara, anakunywa hapo hapo, anarudisha tupu. Siku familia kubwa inapokuja, benchi zima linakuwa na chupa nyekundu mkononi, mtu na chupa yake. Ambaye damu yake haikuchukuliwa hapewi, kwa kuwa kichwa chake hakina sababu ya kuzunguka. Aliyepanga hivyo hakuwa mjinga. Alikuwa anafikiria sukari tu.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo shangazi alinieleza akiangalia pembeni. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa kwenye benchi lile. Kwa heshima ya ukwe, kijana hawezi kuketi benchi moja na mama wa mchumba wake. Kwa hiyo alipotoka maabara alikwenda kusimama peke yake kwenye nguzo ya baraza, mikono ikiwa haina kitu, mbele ya familia nzima inayokunywa. Heshima yake ndiyo iliyomweka mahali pa kuonekana vizuri zaidi. Macho hayana pazia.

Nitakiri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Nilikuwa nimepata tundu. Nilitaka kupiga makofi. Furaha hiyo haikukaa, maana mbele yangu kulikuwa na mlango ambao msichana alikuwa amesimama nyuma yake, niliona ncha za viatu vyake, na kupata tundu hakukumrudishia mchumba.

Nikajaribu kumfundisha shangazi, kazi yangu si kufundisha? Nilimweleza kwamba damu hukataliwa kwa mambo mengi. Mtu ana malaria. Mtu ana damu nyepesi, au uzito mdogo, au amemeza dawa juma hili, au amekesha njiani na lori bila kulala. Mtu ana homa ya ini na hajijui. Kumwona mtu bila chupa ni kuona kwamba hakutoa damu, basi. Alinisikiliza kwa makini, kama anavyomsikiliza mteja anayesema samaki hawa si wa jana.

"Basi sema tu kama haina ile ugonjwa," alisema. "Neno moya tu, na kesho baoane."

Alikuwa ananifungulia mlango, na nadhani alikuwa anaufungua kwa moyo mwema. Hakufurahia kumliza mtoto wa kaka yake. Nilimjibu kwamba sijui, ambayo ilikuwa kweli, na kwamba hata ningejua nisingesema. Akatikisa kichwa taratibu.

"Kama haina ile, ungesema."

Sikuwahi kuiona sheria yetu kutoka upande huo. Nilikuwa nafundisha kwamba kunyamaza ni kumlinda mgonjwa, na sasa mama mmoja wa samaki wa chumvi alikuwa anausoma ukimya wangu kama tangazo. Niliwaza: nikimwambia leo kwamba huyu hana, nitakuwa nimemwokoa huyu. Lakini kesho atakuja mwingine, naye ana, na mimi nitanyamaza, na kila mtu atakumbuka kwamba kwa yule wa kwanza nilisema. Ukimya wangu utakuwa umemtaja. Kwa hiyo hauwezi kuwa wa wagonjwa tu. Lazima niwanyamazie wote sawasawa, hata wale ambao neno langu lingewasaidia. Nilimweleza hivyo, kwa maneno mengi na mabaya. Alielewa, niliona alielewa. Hakupenda. Akaniambia wakubwa walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na akaingia ndani.

Methali hiyo ilinisumbua njia nzima ya kurudi, nikiwa nyuma ya pikipiki na vumbi la magari ya mgodi machoni. Ni methali ya kweli. Nimewaona wanaoficha, nimewaona wanavyoisha. Lakini methali inamwambia mgonjwa asimfiche anayeweza kumtibu, na labda asimfiche atakayelala naye. Haisemi lolote juu ya benchi.

Msichana alinifuata hospitalini kesho yake. Nilimweleza nilichokigundua, akacheka kidogo kwa uchungu, akasema naye alikuwa amekaa pale pale na chupa yake na hakufikiri kitu. Nilimuuliza kwa nini yeye anayejua ukweli hawaambii watu wa kwao, ukiwa mwema auseme, ukiwa mbaya waachane.

"Ile neno haina yangu ya kusema," alijibu.

Akanieleza kwamba kijana amekataa kumwonyesha mtu yeyote karatasi yoyote isipokuwa yeye. Amesema kwamba akionyesha leo ili apewe mke, kesho ataombwa aonyeshe kila akikohoa. Walikuwa wamekubaliana kupima tena pamoja, wawili, na majibu wakae nayo wawili. Kuhusu familia, kijana alisema atasubiri. Nilimwona kijana ana kiburi. Nikatafuta katika sheria yote ninayoifundisha mahali ambapo amekosea, na sikupaona. Alikuwa na haki kabisa, na haki hiyo ilikuwa inamgharimu mke. Nililala nayo vibaya.

Sisi upande wetu tulikaa kikao: mkurugenzi, msimamizi, mpimaji wa maabara na mimi. Msimamizi alipendekeza tufute sukre kabisa, na alipendekeza kwa haraka ya kutia shaka, maana ndiye anayelipia kreti. Mkurugenzi akamkumbusha kwamba watu wataanguka barazani. Nikasema basi wapewe wote wanapotoka, hata waliokataliwa. Shemasi wetu wa maabara akakataa. Chupa ile, alisema, watu wote wanajua ni ya aliyetoa damu. Akimpa asiyetoa, mkono wake utakuwa umesema uongo. Nilimjibu kwamba kunyamaza si uongo. Akanijibu kwamba chupa hainyamazi, mimi mwenyewe nimetoka kuligundua hilo. Nikampenda kwa hilo, ingawa nilitaka kumrushia kalamu. Msimamizi akapendekeza waliokataliwa watokee mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma wa maabara unatokea kwenye ua wa chumba cha maiti. Hakuna mtu wa Kolwezi atakayepita hapo kwa miguu yake mwenyewe.

Tuliachana bila jibu. Jibu lilinijia Jumamosi, kwenye sherehe ya harusi, mahali ambapo sikuwa naliwaza. Nilikuwa kwenye foleni ya kuingia ukumbini, na pale mlangoni msichana mwenye sare ya kitenge alikuwa anampa kila mgeni chupa. Aliyebeba zawadi kubwa alipewa, aliyebeba bahasha nyembamba alipewa, na aliyekuja na tumbo lake tu alipewa. Hakuna aliyeulizwa kwanza. Nilisimama na chupa yangu mkononi, watu wa nyuma wakaanza kunisukuma.

Jumatatu nilimwambia shemasi: tuwape wakati wa kuingia. Kabla ya maswali, kabla ya sindano. Kunywa kitu kabla ya kutoa damu hakudhuru, kunasaidia. Nani atatoa na nani hatatoa, wakati huo hata wewe hujui, kwa hiyo mkono wako hauwezi kudanganya. Na pamba mkononi kila mtu anayo tayari, kwa kuwa kila mtu anatolewa damu ya kupima. Alifikiri. Alivua miwani akaifuta, akaivaa.

"Mugeni anakunywa mbele ya kuulizwa habari," alisema. Kwa mtu yule, hiyo ni hotuba.

Mzee wa Kapata alirudi kwetu baada ya hapo. Kidonda kilikuwa kimefunguka tena, safari hii akapasuliwa, na damu ikahitajika kwa wingi. Familia ikaitwa. Walipokuja, nilikuwa mlangoni mwa maabara na kreti miguuni, nikigawa chupa mwenyewe, kazi ambayo si yangu, kwa sababu nilitaka kuona. Walishangaa kupewa mapema. Niliwaambia ndiyo mpango mpya, mtu anywe sasa au baadaye, apendavyo.

Kijana alikuja. Hakuna aliyemtarajia, hata msichana nadhani, maana aliinama ghafla kutengeneza kiatu kisicho na kasoro. Kijana alisalimia kwa mbali, akachukua chupa yake kwa mikono miwili, akaenda kusimama kwenye nguzo ile ile. Benchi zima lilimwangalia. Waliangalia mkono, wakaona chupa. Zamu yake ilipofika aliingia, akatoka na pamba mkononi kama wengine wote, akarudi kwenye nguzo, chupa bado haijafunguliwa. Shangazi alimtazama kutoka juu mpaka chini. Alitafuta pa kusoma, hakupaona.

Kisha shangazi akaitwa yeye.

Alikaa ndani muda. Alipotoka, mwendo wake haukuwa wa mama wa sokoni. Hakwenda kwenye benchi. Alikuja pale nilipokuwa na kreti, akasimama karibu sana nami, mgongo wake ukiwageukia wenzake.

"Banakatala damu yangu," alisema, na ile sauti ya kuuzia samaki haikuwepo kabisa. "Bataona?"

Nilikuwa na swali mdomoni. Mungu anajua, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza, nikamjibu:

"Bataona nini, mama? Chupa yako iko mu mukono."

Aliitazama chupa kama mtu aliyesahau kwamba anayo. Halafu akageuka, akaenda. Benchi lilikuwa limejaa, akabaki amesimama karibu na nguzo, hatua kidogo tu kutoka kwa kijana, akajaribu kufungua chupa kwa kizibo cha chupa ya mwenzake aliyekaa karibu, asiweze. Kizibo kilimponyoka mara mbili. Kijana aliona. Hakumwangalia usoni, kwa heshima. Alinyoosha mkono, akaipokea chupa, akageuza yake juu chini, akang'oa kizibo cha shangazi kwa kizibo chake, akamrudishia kwa mikono miwili, macho chini. Kisha akasogea nyuma, aache nafasi inayostahili.

Shangazi alikunywa. Alikunywa yote, polepole, familia nzima ikimwona anakunywa, na hakuna aliyejua kitu. Mimi nilijua kidogo, kwa kuwa mwenyewe aliniambia, na kijana, nadhani, alijua kwa kizibo kile kilichomshinda; alikuwa amesimama hapo kabla yake. Alipomaliza alirudisha chupa tupu kwenye kreti, akajifuta mdomo na ncha ya kitenge, akasema bila kumtazama mtu, kwa sauti yake ya siku zote, watu wa benchi wakasikia wote:

"We kijana. Wambie bazee ba kwenu bakuye."

Msichana alianza kulia pale pale kwenye benchi, na mama yake akamkaripia kwamba hospitalini hakuliliwi hivyo, watu watafikiri mzee amekufa. Nami nililia kidogo, nikisingizia vumbi.

Walioana. Sasa wanafunzi wangu wanafundishwa njia ya tatu ya siri kutoka, na wanacheka ninapowaambia ni kreti ya sukre. Kijana alikuwa na nini siku ile ya kwanza sijui mpaka leo. Shangazi alikutwa na nini, hilo pia silijui. Najua tu kwamba kuna kipindi alikuwa anakuja hospitalini asubuhi mapema, upande usio wangu, na nikimwona nilikuwa napita njia nyingine. Siku hizi amenenepa. Jumamosi huwa napita sokoni Dilala kwenye meza yake, na mara nyingine namkuta mwalimu pale na mtoto mgongoni, na swali linanipanda kutoka tumboni mpaka kooni. Shangazi ananiangalia, anajua, anasubiri huku anatabasamu. Ninamuuliza samaki leo bei gani.